Moto Ukizimika, Msiba Haujaisha

Lori la mafuta linapopinduka na kuwaka, hesabu ya madhara hufungwa ndani ya wiki moja: waliokufa, waliolazwa, magari yaliyoteketea. Katika barabara zinazoelekea Busia na Malaba, ambako mafuta ya Uganda na ya nchi zilizo nyuma yake hupita usiku na mchana, hesabu ya namna hii imezoeleka. Nyuma yake umo mtazamo unaokubaliwa na wengi, kuanzia baraza la chifu hadi ofisi za wizara. Unasema kwamba msiba ni moto wenyewe, na kwamba moto ukizimwa, maiti zikizikwa na barabara ikifunguliwa, kilichobaki ni majeraha ambayo kila familia itajitibia. Kitabibu mtazamo huo ni kosa. Katika sheria unasimama juu ya hoja ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kuibomoa kwa upande wa mazingira.

Mfano wa karibu ni Malanga, katika eneo la Gem, Kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Usiku wa Julai 17, 2021 lori la petroli lilipinduka hapo baada ya kugongana na lori jingine. Watu walifika na mitungi kuchota, petroli ikalipuka, na watu wasiopungua 13 wakafa. Wengine wengi waliungua, wakiwemo watoto. Kabla yake Sachangwan, karibu na Molo, ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 100 Januari 31, 2009 kwa namna hiyo hiyo. Septemba 12, 2011 petroli iliyovuja kutoka bomba la Kenya Pipeline iliwaka katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi. Kila mara idadi ya waliokufa ilibaki vichwani mwa watu. Idadi ya waliovuta mvuke na moshi, wakaosha masizi na kurudi nyumbani, haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na miongoni mwake imo benzeni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Benzeni huingia kwa pumzi na kwa ngozi. Ini likiivunja, mabaki yake hufika kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na huko ndiko saratani ya damu huanzia. Ugonjwa huo haujitokezi siku ya pili wala mwezi wa pili. Huweza kuchukua miaka kadhaa, hata kumi na zaidi. Moshi wa mafuta yanayowaka nao una masizi yaliyobeba kemikali nyingine za saratani, na mwaka 2022 shirika hilo hilo liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi lilimo benzeni. Hewa ya moto iliyovutwa huacha makovu ndani ya njia za hewa, na mtu aliyeonekana mzima akitoka hospitalini huanza kukosa pumzi anapopanda kilima na mzigo. Anayefyonza petroli kwa mdomo na ikamshukia mapafuni hupata nimonia ya kemikali. Kovu la moto lenyewe si mwisho wa jeraha: kovu kubwa lisilopona vizuri huweza kugeuka saratani ya ngozi, ile ambayo madaktari huiita kidonda cha Marjolin, mara nyingi baada ya miaka ishirini au thelathini. Mtoto aliyeungua Malanga akiwa na miaka kumi atafikia wakati huo akiwa na watoto wake mwenyewe, na daktari atakayemwona huenda wakati wa tukio alikuwa bado yuko shule ya msingi.

Kuna pia ardhi. Petroli iliyomwagika bila kuwaka hunywewa na udongo, na benzeni huyeyuka katika maji kwa urahisi kuliko sehemu nyingi za mafuta. Katika vijiji vya Gem, Ugunja, Matayos na Teso watu wengi huteka maji ya visima vifupi na chemchemi. Harufu ikishaisha, hakuna anayeuliza tena kilichobaki chini.

Jambo moja lazima likubaliwe waziwazi, kwa sababu wanaotetea mtazamo uliozoeleka hulishika kama ngao. Sumu huenda na kipimo. Usiku mmoja wa kuvuta mvuke haulingani na miaka ya kuuvuta kila siku, na wengi waliokuwepo kwenye ajali moja hawatapata saratani kwa sababu yake. Muuza petroli wa chupa kando ya barabara ya Malaba, utingo anayepanda juu ya tangi kupima mafuta, na mvuvi wa Osieko anayefyonza petroli ya injini ya mashua kila alfajiri huenda wanajaza miili yao benzeni kuliko mtu aliyefika Malanga mara moja. Lakini hoja hii haiwafikishi watetezi hao wanakotaka kwenda. Ikiwa hatari inategemea ni nani alivuta kiasi gani na kwa muda gani, basi kitu cha kwanza kinachohitajika ni kujua nani alikuwa wapi. Bila hilo, kusema kwamba kipimo kilikuwa kidogo ni kubahatisha tu, na anayebahatisha ni yule asiyelipia matokeo ya kukosea.

Hoja inayosikika zaidi mitaani ni fupi: wamejitakia. Mtu mzima aliyeona lori limepinduka akakimbilia mtungi badala ya kukimbia, basi na abebe mzigo wake. Hoja hii ina ladha ya haki, na ndiyo maana ni hatari. Kwanza, haielezi waliokuwepo. Penye ajali kama hizi huwepo abiria wa matatu zilizokwama, polisi waliotumwa kufukuza watu, wenye mashamba yaliyofurika mafuta, vijana wa bodaboda waliopakia majeruhi nyuma ya pikipiki na kuwakimbiza hospitalini, na wauguzi waliokata nguo zilizolowa petroli katika chumba kisicho na dirisha la kutosha. Huko Sinai wapo waliochota, lakini wapo pia ambao hawakuyafuata mafuta. Mafuta ndiyo yaliyowafuata, yakipita kwenye mtaro chini ya vibanda vyao. Pili, hata aliyechota kwa hiari alikubali hatari gani? Kwamba petroli huwaka, kila mtu wa mpakani anajua. Kwamba mvuke wake hushambulia uboho wa mifupa, hakuna aliyemwambia. Bamba la rangi ya machungwa lenye namba 1203 limewekwa kuwaeleza wazima moto duniani kote kwamba tangi limebeba petroli; kwa mwanakijiji ni namba tu. Anayejua hatari kwa ukamilifu ni mwenye mzigo, na huyo hadaiwi chochote na hoja ya kujitakia. Tatu, hospitali haimpimi mgonjwa kwa tabia. Dereva aliyelewa akavunjika mguu hufungwa bandeji. Kuwanyima uangalizi waliovuta mvuke kwa sababu ya umaskini uliowapeleka kwenye mtungi ni adhabu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa watu waliosoma, na kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa kirefu. Inasema: aliyeugua na athibitishe. Saratani ya damu huwapata hata watu ambao hawajawahi kunusa petroli. Pumu ina sababu mia. Moshi wa kuni jikoni nao huharibu mapafu. Serikali au bima haiwezi kulipia kila ugonjwa unaojitokeza miaka kumi baada ya ajali kwa sababu tu mgonjwa anakumbuka alikuwepo.

Kasoro ya dai hili ni kwamba ushahidi unaodaiwa ni ule ule ambao kutochukua hatua huuangamiza. Benzeni hutoka mwilini kwa pumzi na mkojo ndani ya siku chache. Inaweza kupimwa mapema, kisha haipo tena. Atakayeugua mwaka wa nane hana tone la kuonyesha, na hana kwa sababu hakuna aliyekuja kuchukua sampuli alipokuwa nalo. Sheria ya ukomo wa madai nchini Kenya nayo huongeza kufuli: madai ya jeraha la mwili kutokana na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mahakama inaweza kuruhusu kuchelewa pale ambapo ukweli muhimu haukujulikana kwa mlalamikaji, lakini ombi hilo lahitaji wakili, na wakili ahitaji nyaraka. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa alete cheti ambacho hakuna ofisi iliyokuwa ikikitoa.

Owino Uhuru, Mombasa, huonyesha njia ya mahakama inapofanya kazi na gharama yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, Kenya Metal Refineries, kilianza hapo mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya miaka ya malalamiko yaliyoongozwa na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake. Wakazi walipimwa damu na madini ya risasi yakaonekana. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi uamuzi wa mwisho ilipita miaka 10. Na hao walikuwa na bahati ya kikemia, kama bahati ni neno la kutumia hapa: risasi hukaa mwilini, hujificha mifupani kwa miaka mingi, na kipimo cha damu huinasa. Waathiriwa wa benzeni hawana shahidi wa aina hiyo. Anayewashauri waige Owino Uhuru anawaelekeza kwenye mlango ambao ufunguo wake haupo.

Ibara ya 70 ya Katiba, kwa upande wake, imekwisha kutamka kwamba anayeshtaki kwa kuvunjiwa haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au jeraha. Mantiki hiyo ni ya kinga: sumu huzuiwa kabla ya kuhesabu maiti. Ni ajabu kwamba mantiki ambayo Katiba imeikubali mahakamani bado inaonekana ya kigeni katika zahanati.

Marekani, ambayo kwa kawaida ndiyo hutajwa kama nchi ya kudai ushahidi, ilijifunza hili kwa ubishi mrefu. Majengo ya World Trade Center yalipoanguka Septemba 11, 2001, mkuu wa shirika la mazingira la serikali, Christine Todd Whitman, aliwaambia watu wa New York kwamba hewa ni salama. Miaka michache baadaye waokoaji walikuwa wanakohoa na kufa. Mmoja wao, polisi James Zadroga, alifariki mwaka 2006. Daktari mmoja alihusisha mapafu yake na vumbi la majengo, na mwaka 2007 mpasua maiti mkuu wa jiji akakataa. Ubishi juu ya mtu mmoja haukuisha. Hata hivyo sheria yenye jina lake ilitiwa saini Januari 2, 2011, kwa sababu swali lilikuwa limebadilika. Haikuulizwa tena ni punje ipi ya vumbi iliyomuua nani. Iliulizwa nani alikuwepo, wapi, kwa muda gani, na ni magonjwa gani yamezidi katika kundi hilo. Orodha ya magonjwa ikaandikwa, saratani zikaongezwa mwaka 2012, na mwaka 2015 mpango ukarefushwa hadi 2090. Msingi wa hoja nzima ulikuwa daftari: idara ya afya ya jiji ilianza kuandikisha watu mwaka 2003 na kufikisha zaidi ya majina 71,000. Wakenya wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa uchungu. Agosti 7, 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 Nairobi na kuliangusha jengo la Ufundi lililokuwa jirani. Waliofukua kifusi kwa mikono walikuwa wapita njia, na vumbi la saruji na vioo walilovuta halikuandikwa katika orodha ya muda mrefu ya aina hiyo.

Hapo hoja ya mwisho hutolewa: Marekani ni tajiri. Japani ya mwaka 1957 haikuwa tajiri kiasi hicho, ilikuwa bado inajijenga baada ya vita, lakini ilipitisha sheria ya kuwapa manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki kijitabu cha afya. Sharti lilikuwa mahali na wakati: aliyekuwa mjini siku ile, au aliyeingia karibu na kitovu katika siku zilizofuata. Mwenye kijitabu alipimwa afya bila malipo. Kitu hicho kiligharimu karatasi, kalamu na uamuzi.

Na kanda hii hasa haiwezi kusema kwamba haijui kufuatilia mtu kwa miaka. Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia, palikuwa kituo cha ukoma, ugonjwa ambao huweza kuchelewa miaka mingi kujitokeza na ambao hauwezi kushughulikiwa bila rekodi za muda mrefu za mgonjwa na jamaa zake. Zahanati nyingi za kaunti hizi zina daftari la kifua kikuu lenye jina la mgonjwa na hatua ya matibabu. Wahudumu wa afya wa jamii huzunguka nyumba kwa nyumba, sasa wakiwa na simu za kuandikia taarifa. Gem nayo, ambamo Malanga imo, ni miongoni mwa maeneo ambayo taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilianza kuhesabu kaya kwa kaya tangu mapema miaka ya 2000, ikiandika kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa. Ni vigumu kupata mahali Afrika Mashariki panapofaa zaidi kwa daftari la waliovuta moshi.

Mpaka wenyewe hutajwa kama kikwazo. Dereva ni wa Uganda, utingo ni wa Bungoma, mgonjwa analala Busia ya upande huu na kutibiwa Tororo. Kikwazo hicho kimekwisha kuondolewa kwa ajili ya mzigo. Tangu mwaka 2017 mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia shehena kwa muhuri wa kielektroniki kutoka Mombasa hadi inakoshushwa, na tangi likisimama pasipostahili ofisi hujulishwa. Wakati wa korona, mwaka 2020, foleni ya malori ilipofika kilomita nyingi nje ya Malaba, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza madereva katika mfumo huo: jina, kipimo na safari ya mtu vikasomwa pande zote mbili za mpaka. Lita za petroli zinajulikana zilipo saa yoyote. Aliyelowa petroli hiyo hajulikani alipo baada ya mwezi mmoja.

Kuhusu fedha, jibu ni fupi. Bima ya lazima ya gari dhidi ya madhara kwa watu wengine ina ukomo wa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na hulipa kwa hukumu. Haikutungwa kwa ugonjwa wa mwaka wa kumi na tano. Ila mfano wa namna nyingine upo, na Kenya ni mwanachama wake. Meli ikimwaga mafuta ghafi au mazito baharini, mifuko ya kimataifa ya fidia ya uchafuzi wa mafuta hulipa waliodhurika, na michango yake hutoka kwa wanaopokea mafuta hayo kwa meli, kwa kadiri ya tani wanazopokea. Hakuna anayelazimika kuthibitisha uzembe wa nahodha. Mvuvi wa Lamu ambaye nyavu zake zimechafuliwa ana mfuko wa kuuelekea. Kwa petroli inayosafirishwa nchi kavu hakuna kinga ya namna hiyo, kana kwamba sumu hupungua makali ikivuka gati. Senti chache kwa kila lita inayopita Busia na Malaba, zikilipwa na mwenye shehena, zingeweza kuingia katika mfuko wa dharura na magonjwa sugu ulioundwa pamoja na Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi Oktoba 2024. Mfuko mpya hauhitajiki.

Kazi inayobaki ni ya saa sabini na mbili za kwanza, na haihitaji vyombo adimu. Afisa wa afya wa kaunti ndogo, akiwa na naibu chifu anayewajua watu kwa majina, huandika kila aliyefika: umri, alisimama umbali gani na lori, kwa muda gani, alilowa au alivuta tu, alifyonza kwa mdomo au la, ni mjamzito au la, na namba ya simu ya jamaa wa upande wa pili wa mpaka. Waliolowa na waliofyonza hutoa mkojo siku hiyo hiyo, na sampuli hugandishwa. Waokoaji na wauguzi huandikwa kwanza, kwa sababu ndio husahauliwa kwanza. Visima vilivyo chini ya mteremko hupimwa, kisha hupimwa tena baada ya mvua za masika. Kila aliyeandikwa hupewa kadi inayompa kipimo cha damu na cha pumzi mara moja kwa mwaka katika hospitali ya kaunti, na inayoheshimiwa Tororo na Busia ya Uganda kama inavyoheshimiwa Alupe. Wenye makovu makubwa huonwa na daktari wa ngozi kovu linapofunguka tena, bila kungoja liwe kidonda cha mwaka mzima. Kadi hiyo ndiyo pia itakayokuwa mezani siku mahakama itakapomuuliza mlalamikaji atathibitishaje kwamba alikuwepo.

Kwa waliokuwa Malanga mwaka 2021 saa hizo zimepita, na mkojo wa siku ile haurudi. Lakini majina bado yanaweza kukusanywa, maana wengi wao wanaishi katika vijiji vile vile na mashahidi wao bado wako hai. Daftari la New York lilifunguliwa miaka miwili baada ya tukio. Kijitabu cha Japani, miaka kumi na miwili.